Asubuhi Mashini Ilipokohoa Shimoni

Mashini ya Papa imekufa wiki hii. Haikufa kwa ghafula. Pompi yake ilianza kuvuja, ikalia kama paka kwa muda, halafu ikanyamaza. Papa ameifungua vipande vipande juu ya meza tunayokulia, na tangu hapo hata mboga ya sombe inanukia esansi, ile petroli ya moteri. Mama amenung'unika na kufungua madirisha. Harufu ile ya esansi iliyochanganyika na maji yaliyolala imenirudisha mahali nisipopenda kurudi, na kwa kuwa mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, nimeona heri niandike. Ninyi mnaosoma, kama ni rika langu na mlikulia upande wa Lac Vert, nje ya mji wetu, labda mtacheka mwanzoni.

Wakati ule tulikuwa wageni. Tulitoka Butembo, Papa akiwa amechoka na biashara ya safari ndefu, na barabara zenyewe zikiwa si za kuaminika. Alirudi siku moja kutoka mjini na mashini ya kuosha magari kwa presha: nyekundu, magurudumu mawili, moteri ya esansi yenye kamba ya kuvuta, na tiyo, mpira mweusi mrefu wa maji, iliyoishia kwenye kitu kama bunduki. Watu wanakiita pistole. Nilipokiona nilijificha nyuma ya Mama. Nilikuwa nimeshaona bunduki za kweli, na hakuna aliyenieleza kwamba hii inatoa maji tu.

Papa alifungua lavaji yake, mahali pa kuoshea magari, kando ya barabara ya Sake, mahali palipokuwa na mawe meusi ya volkano kila upande. Aliyemuuzia mashini alimpa masharti, na Papa aliyakariri mpaka sisi watoto tukayajua kama sala ya kabla ya chakula. Maji yawe mengi kuliko yale inayotoa. Yawe safi, mchanga usiingie. Yasikatike. Yatoke juu yashuke, maana pompi inajua kusukuma lakini kuvuta haijui vizuri. Yakikatika, inavuta hewa. Ikivuta hewa, pompi inashika moto, na hapo imekufa.

"Iko na kiu," Papa alikuwa akisema inapoanza kunguruma vibaya. "Muipe maji mbio."

Mimi nilimwamini kabisa. Kitu kinachokuwa na kiu, kinachonguruma, kinachokufa, ni mnyama. Nilikuwa mwaka wa kwanza primeri na sikuwa nimeona moteri karibu hivyo. Niliona mdomo wake, ile filtiri ndogo ya kuchuja maji inayofanana na meno. Niliona koo lake, ile tiyo. Upande wa pili, kwenye moteri, kulikuwa na kisanduku cheusi chenye matundu, na nikiweka kiganja karibu nasikia kinavuta pumzi. Hiyo ilikuwa pua. Nilikuwa nazunguka mbali nayo hata ikiwa imezimwa.

Shida yetu ilikuwa maji. Ninyi mnajua jinsi mji wetu ulivyo: ziwa lile pale, kubwa, la bluu, na watu wanapanga foleni na bidoni za njano. Mvua inanyesha mpaka unadhani mbingu zimepasuka, lakini ikigonga mawe yetu inapotea. Jiwe la volkano linameza maji yote. Robine ya maji nyumbani hatukuwa nayo. Maji tuliletewa na Safari, motari mmoja kijana mwenye maneno mengi, aliyekuwa akifunga bidoni nne nyuma ya moto yake, ile pikipiki, kutoka ziwani, na Papa alimlipa kwa kumwoshea hiyo moto. Tulikuwa na pipa moja la kuyamiminia, chini, sawa na mashini yenyewe.

"Muzee," Safari alisema siku moja akishusha bidoni, "hii mashini yako inakunywa kuliko bajomba kwenye ndoa."

"Leta maji, acha maneno."

"Naleta. Lakini mbele ya mimi kufika ziwani, yenyewe imeshamaliza. Siku moja itanikunywa mimi."

Alicheka. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, na kwa siku kadhaa sikumsogelea Safari, kwa sababu nilidhani ameshachaguliwa.

Kweli mashini ilikunywa vibaya. Bidoni moja iliisha kabla gurudumu la jeep halijatakata. Pipa likishuka chini sana, tiyo ilianza kufyonza kwa sauti ya mtoto anayemaliza mchuzi, maji yakatoka kwenye pistole kwa kukatika-katika, pff, pff, na Papa akakimbia kuizima, uso umemkauka. Kuna mara alikaa juu ya bidoni tupu akiangalia mashini kama mtu anayeangalia mgonjwa. Nilijua kwamba ikifa tutarudi Butembo, au Papa atarudi barabarani, na barabara wakati ule zilikuwa zinakula watu. Hayo nayo niliyasikia hivyohivyo, na niliyaamini hivyohivyo.

Nyuma ya lavaji kulikuwa na shimo. Si shimo la kuchimbwa. Ni pale ambapo mawe yalizama zamani yakaacha bonde dogo, lenye kina cha nyumba labda, kuta zake mawe makali, chini yake majani mabichi ya kupendeza kuliko mahali pote. Papa alilitazama lile shimo kwa muda mrefu. Halafu akanunua bashe kubwa, turubai la plastiki, akaitandika chini kabisa, akaizungushia mawe, mvua iingie na isipotee. Alifurahi sana siku ile. Alisema, "Jiwe linameza, sisi tunaliziba mdomo."

Jirani yetu Mama Furaha alikuja akasimama ukingoni, mikono kiunoni. Alikuwa mama mnene wa milima ya Masisi, mwenye mbuzi aliowafunga kwenye mparachichi wake.

"Papa Masika," alisema, akimwita Papa kwa jina langu mimi mtoto wa kwanza, "mu hii shimo muko mazuku. Asubuhi mutu haingiaka."

"Mazuku iko kule Lac Vert, Mama Furaha. Huku ni barabara."

"Mazuku haisomaka plaki ya barabara."

"Mbuzi zako zinalala mpaka saa tatu kama wabunge, sasa unasema ni sababu ya mazuku."

Mama Furaha alicheka kwanza, mpaka mabega yakatikisika. Kisha akaacha. "Wabunge wangu wako wazima," alisema. "Sifungui kamba mbele ya jua kufika kule chini. Mumoja alikata kamba, akashuka kula majani. Tulimukuta amelala, macho wazi, hana kidonda. Hatukumukula. Tulimuzika."

Papa alimshukuru kwa adabu, jinsi watu wanavyomshukuru mtu ambaye hawatamsikiliza. Mimi ndiye niliyebaki na yule mbuzi kichwani. Niliuliza watoto wenzangu shuleni mazuku ni nini, na hawakuwa na haraka ya kunifariji. Ni hewa nzito, walisema. Inatoka ndani ya ardhi. Haina rangi, haina harufu. Inakaa mashimoni asubuhi, kabla jua na upepo havijaifukuza, na baada ya mvua ni mbaya zaidi. Ukisimama labda utapona, ukiinama huinuki. Msichana mmoja alilala juu ya benchi akanionyesha jinsi watu wanavyokutwa. Tangu siku ile nilikuwa nikipita ukingoni pale nimeziba pua na mdomo wangu umefungwa.

Kwa muda hakukutokea neno. Mvua chache zilianguka, maji yakakusanyika kidogo kwenye bashe, na Papa akajaribu kuyavuta mpaka juu barabarani kwa tiyo. Mashini ilikataa. Ilifyonza, ikakohoa, ikatema povu. Ndipo akakumbuka masharti, kwamba haijui kuvuta. "Maji yakikataa kuifuata," alisema, "yenyewe itafuata maji." Mchana mmoja wa upepo, yeye na Safari waliibeba mpaka chini, wakaiweka kando ya bashe, na ile tiyo ya presha ikapanda ukuta wa mawe mpaka barabarani. Ikafanya kazi vizuri kuliko siku zote. Papa aliimba. Mama Furaha hakusema tena kitu; mbuzi wake ndio waliosema, kwa kubaki wamefungwa kila asubuhi.

Halafu ikaja mvua kubwa, ile inayopiga mabati mpaka watu ndani ya nyumba wanaongea kwa mikono. Asubuhi ilikuwa imeacha. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kwenye kamba. Moshi wa makala, makaa ya kupikia, ulitoka jikoni kwa Mama Furaha, ukainama, ukalala juu ya mawe. Bashe ilikuwa imejaa, na kulikuwa na jeep iliyoachwa jana yake, yenye matope mpaka kwenye vioo, ambayo mwenyewe alitaka kuondoka nayo mapema. Papa hakungoja chai.

Kazi yangu siku zile ilikuwa kuchunga tiyo. Nilikaa katikati ya mteremko, pale ilipopinda, kuangalia isikatwe na mawe. Safari alikuwa juu barabarani, pistole mkononi. Papa alikuwa chini. Mimi ndiye niliyewaona wote wawili, wao hawakuonana.

Papa alivuta kamba. Mashini ikawaka. Tiyo ikakakamaa chini ya kiganja changu, na juu nikasikia maji yanapiga bati la jeep. Kisha sauti ikabadilika. Ilianza kushuka, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

"Maji imekatika?" Safari aliuliza kutoka juu.

"Maji iko nyingi," Papa alijibu. "Imevuta hewa. Fungua pistole, iteme hiyo hewa."

Safari akafungua. Yakatoka maji, mazima, bila povu. Papa akavuta kamba tena. Ikawaka kidogo, ikakohoa, ikazima. Akavuta tena. Sasa haikuwaka kabisa.

Watu wazima wote wawili walikuwa wanafikiria maji. Walikuwa wameteswa na maji kwa miezi, na hakuna ugonjwa mwingine waliokuwa wanaujua. Papa alipiga magoti kando ya bashe kusafisha filtiri. Akainama, uso wake ukawa karibu na majani, na akakaa hapo. Nilimsikia anahema. Hakuwa amebeba kitu, lakini alihema kama alikuwa amekimbia kutoka mbali kule Munigi. Akainuka kidogo, akashika kichwa, akacheka peke yake. Papa si mtu wa kucheka wakati mashini imeharibika.

Mimi nilikuwa naangalia mashini. Nilijua jambo moja tu, na nililijua kwa njia ya kijinga: yule mnyama alikuwa na maji, kwa hiyo hakuwa na kiu. Alikuwa amekohoa. Alikuwa ameweka pua yake chini, kwenye majani yale mazuri, na sasa alikuwa amelala, hana kidonda. Nilimwona mbuzi wa Mama Furaha kama ninavyoiona karatasi hii.

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo wangu ulifunguka na hakukutoka kitu. Haikuwa mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa ameshaacha kuniuliza maswali. Lakini siku ile niliusikia ukimya wangu kama mkono wa mtu shingoni. Papa alikuwa ameinama tena. Nilijaribu kusema "Papa" na nikasema kwa sauti ya kusema na mdoli. Shimo lote lilikuwa kimya, na nikaanza kufikiri kwamba ile hewa inapanda ndani ya tiyo, inapita chini ya kiganja changu, inakwenda kwa Safari, na mimi ndiye ninayeichungia njia.

Basi niliishika tiyo kwa mikono miwili na nikaivuta.

Watu wakisimulia wanasema nilimwokoa baba yangu. Nataka niandike ilivyokuwa. Nilikuwa namtoa mashini shimoni. Nilifikiri Papa hatamwacha, na kwamba akitoka yeye, Papa atamfuata. Nilivuta mpaka matako yangu yakateleza kwenye mawe, na chini mashini ikayumba kwenye magurudumu yake, ikaanguka ubavu ndani ya maji.

Papa aliinuka kwa hasira ambayo sijaiona tena. "Masika! Unafanya nini?" Sauti yake ilikuwa nzito, ulimi umevimba. "Unaiua. Unaiua mashini yangu." Akaanza kupanda kuja kunipiga. Nilimwona anakuja, mkono umeinuliwa, na niliogopa ule mkono, na bado niliendelea kuvuta, ili akasirike zaidi, ili asigeuke. Hatua zake zilikuwa za mlevi. Alifika karibu yangu kiasi cha kunigusa. Mkono ukashuka, lakini haukunipiga. Ulitafuta jiwe, ukalikosa, na magoti yake yakakunjika.

Hapo ndipo nilipopata sauti. Sijui nilisema nini. Safari anasema sikusema neno, nililia tu kama mbuzi. Alitupa pistole, akashuka, akamshika Papa kwapani, akamvuta mpaka juu barabarani huku akimtukana kwa upole, "Muzee uko muzito, muzee umekula nini, panda, panda." Mama Furaha alitoka jikoni na kitambaa bado mkononi. Aliangalia shimo, akaangalia Papa, hakusema "nilikuambia". Alichukua kipande cha karatasi, akakikunja, akakifunga kwenye waya mrefu, akakiwasha kwenye makala yake na kukishusha taratibu. Moto ulishuka vizuri mpaka chini ya pale nilipokuwa nimekaa. Kidogo zaidi, ukazimika. Haukupepea. Ulizimika kama umeshikwa na vidole. Akawasha tena, akashusha, palepale.

"Munaona," alisema tu.

Papa alitapika kwenye mawe. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya. Walimketisha, mgongo kwenye gurudumu la jeep, wakampepea na kifuniko cha sufuria, na kidogo kidogo macho yake yakarudi kukaa mahali pake. Kitu cha kwanza alichouliza ni mashini.

"Iko ndani ya maji," Safari alisema. "Inaoga."

"Pompi itaingia mchanga. Naenda kuitoa."

"Muzee, kaa."

"Nashikilia pumzi. Nashuka, naitoa, napanda."

"Papa Masika," Mama Furaha alisema, "yule mbuzi naye alikuwa na akili."

Alikuwa anataka kweli kuinuka. Niliona jinsi alivyoweka mkono chini. Kwake ile haikuwa chuma. Ilikuwa kodi ya nyumba, ilikuwa mimi shuleni, ilikuwa asirudi barabarani. Na mimi, niliyeiogopa ile mashini kuliko mtu yeyote, nilimwelewa. Nikaenda nikashika shati lake kwa nyuma, pale linapotoka kwenye suruali. Nilishika tu. Nilidhani ataniondoa, na hakuniondoa.

Tulikaa hivyo asubuhi ile. Mwenye jeep alikuja, akaambiwa, akaangalia lile shimo, akaenda zake na matope yake bila kulalamika. Magari yalipita kwenda Sake. Mbuzi walilia wakitaka majani. Jua liligusa ukingo wa juu, likashuka polepole kwenye mawe, jiwe baada ya jiwe, na sote tuliliangalia kama watu wanaosubiri basi. Papa alikuwa anatetemeka mara kwa mara, na kutetemeka kwake kulipita kwenye shati mpaka kwenye vidole vyangu.

Baadaye alilijengea lile pipa kiti cha mawe, juu kuliko mashini, maji yakawa yanashuka yenyewe. Tungeweza kufanya hivyo tangu mwanzo, kazi ingekuwa tu kuzipandisha bidoni. Ile bashe ikawa paa la jiko. Mashini iliishi miaka mingi baada ya hapo. Lakini asubuhi ile hayo sikuyajua bado. Nilichojua ni kwamba jua lilikuwa limefika chini ya ukuta, kwamba upepo mdogo ulianza kugeuza majani, na kwamba Mama Furaha alikuwa ameinuka anafungua kamba za mbuzi. Mmoja alishuka, akaanza kula, mkia unachezacheza. Wa pili akamfuata. Safari alishusha karatasi yenye moto, ikawaka mpaka ikaufikia waya.

Papa aligeuza kichwa. Hakumwangalia Mama Furaha, hakumwangalia Safari. Aliniangalia mimi, niliyekuwa nimeshika shati lake, mtoto ambaye hakuna mtu aliyemuuliza kitu.

"Masika," alisema, "niende?"

Niliwaangalia mbuzi. Nikaangalia jua. Sauti ilichelewa, lakini ilikuja, na ilikuwa yangu.

"Bado," nilisema.

Papa akakaa.